Kula Mjini Unguja kwa Kufuata Saa: Mwongozo wa Mgeni Mwenye Njaa

Haikati miezi miwili sijapokea mgeni kutoka bara, kama si binamu basi rafiki wa rafiki, na karibu wote wanarudia kosa lile lile. Wanashuka boti pale Malindi mchana, wanakwenda kulala hotelini mpaka jua lizame, halafu saa 2 usiku wanaingia Forodhani, ile bustani ya pwani yenye meza za chakula cha usiku, na njaa waliyotoka nayo Dar, wanakula kila walichokiona kwa mpigo, wanalipa hela nyingi, kesho yake asubuhi wananambia "mbona chakula cha Zanzibar cha kawaida tu, na ghali". Mie nacheka tu. Yani umekwenda harusini watu wanakunja majamvi halafu unasema pilau haikuwepo.

Iko hivi. Mjini hapa chakula kina saa yake na kila saa ina pahala pake. Kitumbua cha saa 1 asubuhi ukikikuta saa 5 hicho si kitumbua tena ni sponji, wali wa mkahawani saa 7 ni wali lakini saa 10 ni makoko, na urojo, lile bakuli la mchuzi la alasiri, asubuhi hata ukimtafuta muuzaji kwa tochi humpati. Kwahiyo mwongozo wangu hauna orodha ya mikahawa kumi bora, una saa. Fuata saa tumbo litashukuru na mfuko pia.

Hatua ya 1: Angalia kalenda mbili kabla hujakata tiketi

Kalenda ya kwanza ni ya Ramadhani. Usikariri mwezi wa mwaka jana, maana Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mchana mikahawa ya wenyeji karibu yote imefungwa, na kula au kunywa hadharani mchana wa Ramadhani Zanzibar si mzaha, watu wanakamatwa kweli, ukisema "mie mgeni sikujua" haikusaidii kitu. Hoteli za wageni zinahudumia ndani. Lakini ukiniuliza mie, mtu mwenye subira aje Ramadhani hiyo hiyo, kwa sababu ikishaadhiniwa magharibi mji unafunguka kama ua. Tambi za sukari, muhogo wa nazi, majimbi, shelisheli, kalimati zinang'aa kwa sukari, sambusa za moto, uji wa pilipili manga. Na ukialikwa futari nyumbani kwa mtu usijivunge, nenda, chukua tende au matunda, usiende mikono mitupu.

Kalenda ya pili hakuna mtalii anayeijua, nayo ni mwezi wa angani. Pweza wa hapa kwa sehemu kubwa anatolewa kwenye miamba maji yakikupwa, kina mama wa Jambiani na Paje wanatembea mwambani na vijiti vyao wanachokoa mashimo. Maji yanakupwa mbali sana siku za bamvua, yani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku chache hivi kila upande. Siku hizo pweza ni wengi na ni wa leo leo. Siku za maji mafu miamba haiachwi wazi, pweza anakuwa haba, na yule unayemuona kwenye meza ya jioni huenda amelala kwenye friza siku kadhaa. Dagaa ni kinyume kidogo, wao wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbaamwezi ikiwa kali wavuvi wengi wanapumzika. Kwahiyo ukitaka kula pweza wa maana, panga safari na bamvua.

Masika, kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 5, mvua inanyesha haswa na baadhi ya mikahawa ya kitalii inafunga ikarabatiwe. Ya wenyeji haifungi, beba mwavuli.

Hatua ya 2: Hela, nguo, na mdomo

Hela beba za shilingi, na ziwe ndogo ndogo. Muuza kahawa ukimpa noti ya elfu kumi asubuhi mapema umemuharibia siku. Sehemu nyingi sasa wanapokea pesa kwa simu lakini usitegemee, network ya vichochoroni humo ndani kuta nene za mawe zinaila. Ukipewa menyu yenye bei za dola tu, omba bei ya shilingi, ukiona mhudumu anaanza kupiga hesabu za kichwani anaangalia dari, ondoka taratibu.

Nguo: mabega na magoti yafunikwe, wanawake kwa wanaume. Huu ni mji wa watu wanaoishi humo, wana misikiti na vyuo vya Kurani vya watoto, haujajengwa kwa ajili ya picha. Na kuna sababu ya tumbo pia, mtu aliyevaa kwa heshima anahudumiwa vizuri zaidi kwenye mikahawa ya wenyeji, nimeliona kwa macho yangu.

Halafu mdomo. Watu wa bara mnaingia mkahawani "oya nipe wali samaki". Hapa unasalimia kwanza. Assalaam aleikum, au habari za asubuhi, hujambo, ukijibiwa ndo unasema "naomba". Mama anayeuza mwite mama au bi, kijana mwite ndugu yangu. Inachukua sekunde kumi, na mara nyingi sekunde kumi hizo ndo zinaleta kipande cha pili cha samaki.

Na papasi wapo, wale vijana wa kukuambia "karibu, mie ntakupeleka kwa chakula rahisi". Hiyo ndo kazi yao, wengine watu wazuri tu, lakini pale anapokupeleka bei tayari imeshabeba na fungu lake. Mwambie ahsante nishakula.

Hatua ya 3: Alfajiri mpaka saa 3, kahawa na kitafunwa

Amka. Najua uko likizo lakini amka. Ukitoka saa 12 na nusu asubuhi vichochoro viko baridi, hakuna kelele, unasikia majabali ya mji yakipumua. Nenda Jaws Corner, pale njia zinapokutana penye mabaraza na meza za dhumna, kahawa chungu inamiminwa kutoka kwenye dele hadi kikombe kidogo kisichofika hata nusu ya ngumi yako. Haina maziwa, usiulize maziwa. Haina sukari pia, utamu wake ni kashata ya njugu au ya nazi ukiing'ata pembeni. Unakunywa kikombe, unarudisha, unapewa kingine, mwisho unahesabu umekunywa vingapi unalipa, ni hela ndogo sana. Kama hujui siasa za hapa sikiliza tu usichangie. Ukiikosa asubuhi, kahawa inarudi alasiri baada ya sala na hapo ndo baraza linajaa.

Kisha kifungua kinywa chenyewe. Tafuta mlango wenye moshi na foleni ya watu wanaokwenda kazini, si lazima uwe na jina. Chapati za kusukuma na maharage ya nazi, vitumbua vya mchele vilivyopikwa sasa hivi bado kingo zake zinakwaruza, maandazi yenye iliki, chai ya maziwa, au chai ya mkandaa kama hupendi maziwa. Wengine asubuhi wanataka kitu kizito, muhogo wa kuchemsha na samaki wa kukaanga, au supu ya nyama na chapati. Ukiona mkate wa ufuta wa moto, ule mpana wenye tui la nazi ndani na ufuta juu, nunua hata kama umeshiba. Ukipoa unabaki mzuri lakini ule wa moto na mchuzi wa jana, wallahi.

Kitumbua kizuri utakijuaje? Kipasue. Ndani kiwe na vitundu vitundu kama sega la asali. Kama ndani kimeshikana kama ugali basi unga haukuumuka, au kimetengenezwa na ngano nyingi kuliko mchele.

Hatua ya 4: Pita Darajani kabla jua halijapanda

Soko la Darajani lilifunguliwa 1904 na mpaka leo ndo jiko la mji. Usiende kununua viungo vilivyofungwa vipakti vya ua ua kwa ajili ya wageni, nenda kuangalia samaki, kwa sababu ukishaona asubuhi samaki gani wameingia, jioni hakuna mtu atakudanganya. Ukiona asubuhi meza zimejaa changu na tasi na hakuna nguru hata mmoja, halafu usiku mtu anakwambia huyu nguru wa leo, unajua cha kufanya.

Samaki mpya jicho lake limejaa na linang'aa, halijatumbukia. Fungua mashavu uone wekundu, yakiwa rangi ya udongo mwache. Bonyeza kwa kidole, nyama irudi. Na harufu iwe ya bahari tu.

Sasa kuhusu jodari nataka nikae kidogo hapa. Jodari na jamii yake, akikaa juani bila barafu, nyama yake inatengeneza sumu ambayo huioni, huinusi, na kupika hakuiondoi hata umchome mpaka awe mkaa. Nilikuwa na mpwa wangu kaja kutoka Morogoro, tukala jodari pahala fulani mjini, siwataji, alikuwa mtamu tu isipokuwa kwa mbali alikuwa na ukali kama wa pilipili manga mdomoni. Haikupita nusu saa uso wa mtoto umekuwa mwekundu kama tungule, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, anajikuna. Tukakimbia zahanati, akapewa dawa ya aleji, jioni alikuwa sawa na anaulizia urojo. Toka siku hiyo jodari nala pale nilipomuona na barafu yake. Ukisikia ukali huo wa ajabu ulimini kwenye samaki asiye na pilipili, tema, usione haya.

Matunda hapo nje ya soko kulingana na msimu. Shokishoki na doriani zinakuja mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka, doriani usiiingize hotelini, watakutoa wewe na yeye. Embe zipo aina nyingi, uliza embe bolibo kama unataka utamu usio na nyuzi nyingi.

Hatua ya 5: Saa 6 na nusu mpaka saa 8, wali

Hii ndo milo mikubwa ya hapa. Mzanzibari mlo wake mzito ni wa mchana, usiku anakula vitu vidogo vidogo. Mgeni anafanya kinyume, mchana sendwichi usiku sahani kubwa, ndo maana hamkutani.

Kwa anayeanza nampeleka Lukmaan, Mkunazini, karibu na ule mbuyu mkubwa. Sababu yake rahisi, vyakula viko mbele yako kwenye kioo, unanyoosha kidole hata kama hujui jina. Wali wa nazi, pilau, mchuzi wa pweza, samaki wa kukaanga, mchicha, kisamvu, maharage. Anza na wali wa nazi na mchuzi wa pweza wa nazi. Pweza kabla ya kupikwa anapigwa apoe ukaidi wake, ukimtafuna kama raba basi mpigaji alikuwa na haraka zake. Ukishakula hapo mara moja umeshajua majina, sasa unaweza kwenda kwenye mikahawa isiyo na kioo wala menyu, ambayo unaambiwa kilichopo kwa mdomo tu, "leo tuna wali, chukuchuku na changu", na mara nyingi huko ndo kutamu. Chukuchuku ni mchuzi mwepesi hauna nazi, ndimu na pilipili na kitunguu, samaki anaonekana mwenyewe bila kujificha, kwa mimi ndo mtihani wa mpishi.

Ijumaa ni siku ya pilau na biriani, na watu wanatoka msikitini saa 7 wote kwa pamoja. Kwahiyo ama ule kabla ya saa 6 na nusu ama usubiri mpaka saa 8 uombe Mungu vibaki. Na tafadhali msichanganye, kila siku nasikia mtu anaita pilau biriani. Pilau mchele unapikwa pamoja na nyama na bizari nzima na mdalasini na karafuu, chungu kimoja, wali unatoka rangi ya hudhurungi. Biriani wali wake peke yake una zafarani au rangi, na masala yake ya nyama yanapikwa pembeni mazito na vitunguu vya kukaanga na maziwa ya mgando, yanakutanishwa kwenye sahani. Ukiletewa wali wa manjano na kipande cha kuku wa mchuzi mwembamba ukaambiwa ni biriani, lipa kistaarabu usirudi.

Unakula kwa mkono wa kulia. Bomba la kunawia lipo, kijiko ukiomba utapewa hakuna atakayekucheka. Pilipili ya kusaga mezani jaribu kwa ncha ya kidole kwanza, maana kuna nyumba pilipili yao inazungumza.

Hatua ya 6: Alasiri, saa 10, urojo

Hapa taratibu.

Urojo wengine wanauita mix, na ukifika ukaona bakuli la kitu cha manjano kimejaa mambo mengi usirudi nyuma. Asili yake ukiisikiliza tu majina unaijua, bhajia, kachori, chatini, hayo ni maneno yaliyokuja na Wahindi, lakini vilivyokusanywa kwenye bakuli moja na kumiminiwa urojo hiyo ni kazi ya hapa hapa. Urojo wenyewe ni ule mchuzi, maji na unga kidogo wa kuufanya mzito, bizari ya manjano, na ukali wa embe mbichi pamoja na ndimu. Ndani yake zinaingia mbatata za kuchemsha zilizokatwa, kachori ambayo ni donge la mbatata lililokaangwa, bhajia za dengu, na bhajia za kunde zilizo nzito kidogo, yai ukitaka, mishkaki ukitaka. Juu inakuja chatini ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa krispi za muhogo zilizokwanguliwa nyembamba kama nyuzi.

Namna ya kuagiza: muuzaji atakuuliza "nikutilie nini?" We mara ya kwanza sema tia vyote, pilipili kidogo. Usiseme "pilipili kiasi", kiasi cha Mzanzibari hukijui. Simama umuangalie anavyotia. Krispi zitiwe za mwisho, na uanze kula hapo hapo, usitembee nalo mpaka hotelini ukapige picha kwanza, krispi zikilowa umekosa nusu ya raha, mchezo mzima wa urojo ni kile kitu kinachovunjika katikati ya kitu kinachoteleza.

Kupima urojo mzuri, onja mchuzi peke yake kwanza. Ukali wake ukupitie pembeni mwa ulimi polepole na nyuma yake kuwe na uembe. Ukikupiga ghafla mbele ya meno kama umelamba betri, hiyo si embe, wametia unga wa ndimu wa dukani. Na usiwe mzito wa kusimamisha kijiko, urojo unakunywika.

Mzuri kabisa uko kwa kina mama kwenye mabaraza, Mji Mkongwe kwa ndani na huku kwetu Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, sufuria moja, ndoo ya bakuli, na watoto wa skuli wamemzunguka. Bakuli la kina mama mara ya mwisho nimelipa elfu mbili, lile la kwenye meza za wageni linafika mara mbili yake na zaidi na si mara mbili kwa utamu. Kama unatoka Mombasa utasema mbona kwetu tuna kachori na bhajia na viazi karai, sawa, lakini kwenu kila kimoja kinakaa sahani yake.

Baada ya urojo usinywe soda, kunywa juisi ya ukwaju au bungo kama msimu wake upo. Barafu uliza imetoka wapi. Kama wanaitengeneza kwa maji ya bomba bila kuchemsha, sema "bila barafu". Dafu ndo salama kuliko vyote, limejifunga lenyewe, mwambie akukatie na kijiko cha ganda ule na nyama yake.

Hatua ya 7: Forodhani, lakini uwe umeshashiba nusu

Sasa ndo Forodhani, na umeona tumefika hatua ya saba. Nenda saa 11 na nusu jioni, kabla ya magharibi. Bustani hii ilikarabatiwa ikafunguliwa upya 2009 na Aga Khan, iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, yani Jumba la Maajabu, ile ambayo sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020, bado roho inaniuma kila nikipita. Kaa ukutani uwaangalie makachu, vijana wanaoruka baharini wakipinduka hewani. Siku za bamvua maji yanajaa kama saa 10 alasiri, kwahiyo siku hizo wahi zaidi maana ndo wanaruka haswa.

Meza zinapangwa jua likizama. Kanuni zangu za pale ni chache. Zunguka mara moja nzima bila kununua, hata wakikuita kwa lugha sita. Uliza bei ya kijiti kimoja kimoja kabla hakijaingia kwenye sahani, si baada, maana ukishapewa sahani imejaa hesabu inatoka pahala pengine kabisa. Na zile meza za vitu vya baharini vilivyopangwa kwa uzuri, kamba, kamba kochi, makucha ya kaa, vingi vimeshapikwa mapema na hapo vinapashwa moto tu, jioni nzima vinapashwa vinapoa vinapashwa. Mimi pale sili kamba. Ukitaka lazima, chagua meza yenye watu wengi inayomaliza haraka.

Ninachokula pale ni vitu vinavyotengenezwa mbele ya macho yangu. Zanzibar pizza, ambayo haina uhusiano wowote na Italia, ni donge la unga linavutwa mpaka unaona mkono upande wa pili, linatiwa nyama ya kusaga na kitunguu na hoho, yai linapasuliwa humo humo, jibini na mayonezi kama unataka, linakunjwa kama bahasha likaangwe kwenye chuma. Waliokulia mwambao wataona ni ndugu wa mkate wa nyama. Mayonezi kataa, siku nzima lipo kwenye joto, na pizza bila hilo ni tamu zaidi. Ile ya chokoleti na ndizi waachie watoto. Na juisi ya miwa, mwambie akamue na tangawizi na ndimu ndani, mua ulivyo mzima, uone unavyopita kwenye mashine.

Mshikaki mmoja miwili ya ng'ombe, basi. Ondoka.

Hatua ya 8: Saa 3 usiku, rudi upande wa Darajani

Hapo barabarani karibu na soko usiku kuna meza za watu wa mji wenyewe. Pweza wa kukatwa vipande vidogo na pilipili na ndimu, unachoma na kijiti cha meno umesimama, na kikombe cha supu ya pweza ya moto. Wanaume utawaona wanaikamata supu ile kwa umakini wa dawa, wanaamini mambo yao, mie naipenda kwa ladha tu na mke wangu hapa ni shahidi. Chipsi, mishkaki, kuku wa kuchoma, mkate wa kumimina wa kufungasha kwa chai ya asubuhi. Bei ya hapa ndo bei ya kweli, ukija huku baada ya Forodhani utajua kule umepigwa kiasi gani.

Hatua ya 9: Usiku mmoja wa kupanda juu ya paa, ukiwa nao uwezo

Sitawadharau wenye mikahawa ya juu ya mapaa, upepo wa kule na adhana inavyozunguka mji kutoka msikiti hadi msikiti ina thamani yake. Hoteli ya Emerson kule Hurumzi lazima uweke nafasi mapema, na ni bei ya sherehe. Jua tu chakula kinachukua muda, agiza ukiwa bado huna njaa. Pombe inapatikana sehemu za aina hii na kwenye hoteli, humo humo unaiacha, usishuke na chupa vichochoroni.

Hatua ya 10: Cha kufungasha

Halua. Ilikuja na Waomani, na bado haijaondoka hata kama sultani aliondoka. Ni wanga, sukari, samli, iliki, zafarani au rangi, lozi au korosho, inakorogwa kwenye sufuria kubwa masaa kwa masaa na mtu mwenye mikono kama ya baharia, kwa sababu ikiachwa kidogo inashika chini. Onja kabla hujanunua, watakukatia kipande. Nzuri inavutika kidogo, inang'aa, na samli haijajitenga ikaelea pembeni. Watu wa Pemba watakwambia ya Wete ndo halua, za Unguja ni kuigiza, na huo ugomvi mie siuingii kwa sababu nusu ya ukoo wetu ni Wapemba.

Ongeza ubuyu wa rangi kwa watoto, funga mfuko mara mbili maana unga wake mwekundu unaingia mpaka kwenye nguo za ndani. Halua usiiweke friji ukifika nyumbani, inakuwa ngumu kama sabuni, iache mezani imefunikwa, itakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Lakini kama kuna mtu nyumba hiyo anajua kutengeneza kahawa chungu, haitafika hata siku ya tatu.